Abel Lafforgue na Mwenzake wa Ndani ya Bawa

Wanaume wa rika langu hapa Castelmourel ni viziwi, na asiye kiziwi ni mbishi, na wengi wao ni vyote viwili. Nenda sokoni Jumamosi ukawasikilize. Hawaulizi bei ya vitunguu, wanavifokea. Mji una maduka matatu ya mashine za kusikia na bucha moja tu, na nadhani hilo linatosha kukueleza tumeishije. Kiwanda cha ndege kilitujengea nyumba, shule, uwanja wa raga na bwawa la kuogelea, kikachukua masikio. Sisemi kwa uchungu. Au ndiyo, nasema kwa uchungu, kwani nimfiche nani?

Mimi ni Josette Barrau. Niligawa chakula kantini ya kiwanda mpaka magoti yaliponigomea, kwa hiyo najua nani alikula nini, na hasa nani alikaa na nani. Abel Lafforgue alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikufa majira ya baridi yaliyopita, na gazeti la mkoa likampa mistari miwili: fundi mstaafu, mjane, hakuacha mtoto. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikakasirika. Mtu aliyeishi miaka themanini hatoshi kwenye mistari miwili, hata akiwa Abel, ambaye kwa siku alikuwa hasemi zaidi ya hiyo.

Baba yake alilima mizabibu pale ambapo leo ndege zinakimbia kabla ya kuruka. Abel aliingia kiwandani akiwa kijana kama tulivyoingia wote, maana lami ilikuwa imekwisha kula shamba. Wakamweka kwenye mabawa. Kazi yake ilikuwa kupiga ribiti, vile vijiti vifupi vya alumini vinavyoshika bati la ndege lisiachane na mbavu zake. Bawa moja linazo maelfu, na kila moja lazima ikae sawasawa.

Kazi ile haikufanywa na mtu mmoja. Wa nje alishika nyundo ya upepo. Wa ndani alijikunja ndani ya bawa, gizani, akakandamiza kipande cha chuma kizito upande wa pili ili ribiti ikipigwa ipate pa kubonyea. Hawakuonana, na kwa kelele zile hawakuweza kusemezana. Basi waligonga bati. Mara moja: nzuri, twende. Mara mbili: ongeza. Mara tatu: imeharibika, itoe. Wa ndani alichaguliwa kwa udogo wa mwili, na ndiye aliyeharibika masikio zaidi, kwa kuwa alikaa ndani ya ngoma huku wengine wakiipiga.

Wa ndani wa Abel aliitwa Ramiro Puigvert. Wazazi wake walivuka milima kwa miguu wakikimbia vita vya Uhispania, naye akazaliwa upande huu. Mfupi, mwingi wa maneno, mtu wa chama cha wafanyakazi mpaka kwenye uboho. Walikuwa chanda na pete, yeye na Abel. Walioa kiangazi kimoja, Abel akamchukua Denise, Ramiro akamchukua Remedios, na Jumapili wote wanne walikula meza moja, wiki hii maharage na nyama ya bata kwa Denise, wiki ijayo wali wa Remedios. Kantini walinichosha kwa utani wao.

"Josette, huyu mpe nusu sahani," Abel aliniambia. "Akinenepa atanasa ndani ya bawa, nani atakuja kumkata?"

"Nusu mpe yeye," Ramiro alidakia. "Kazi yake kushika nyundo tu. Hata sokwe ukimfundisha asubuhi, mchana anapiga."

Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya maisha ya Abel Lafforgue. Naiandika hapa mapema ili ijulikane kuwa aliwahi kuwa nayo.

Halafu ukaja mwaka wa mgomo. Karibu kiwanda kizima kilisimama, Ramiro akawa kila asubuhi langoni na bango lake, na sisi wanawake wa kantini tukawapikia supu wagomaji kwenye mapipa. Wakati huohuo Denise alikuwa amelazwa hospitali kule Toulouse na kansa imeshamla. Kwa kuwa hakuna kazi, Abel alishinda kando ya kitanda chake. Kila mtu alijua. Asubuhi moja tukamwona anapita kwenye mlango mdogo wa nyuma, kichwa chini, ameshika mkebe wake wa chakula, anaingia kazini. Ramiro alikuwa hatua chache pembeni. Alimtazama, kisha akampa mgongo.

Kwetu anayevunja mgomo huitwa wa njano. Ni tusi zito. Unaweza kumwibia jirani kuku na baada ya mwaka mkacheka, lakini unjano haufutiki, wanawaimbia hata watoto wako.

Sababu ya Abel kuingia kazini nilikuja kuisikia baada ya miaka mingi, tukimenya maharage uani kwangu. Aliisema huku anatazama bakuli.

"Denise ndiye aliniambia niende. Alisema, Abel, unakaa hapo unanitazama kama umeshanizika. Nenda ukapige nyundo zako, jioni uje na habari. Nikamwambia kuna mgomo. Akasema, basi kagome mbele ya kitanda cha mtu mwingine."

"Sasa si ungewaambia watu?"

"Ningemwambia nani? Ramiro alikuwa ameshanipa mgongo."

"Mtu akikupa mgongo unazunguka mbele yake, wewe! Ndiyo maana Mungu akakupa miguu!"

Akaendelea kumenya maharage.

Denise alifariki kabla mgomo haujaisha. Asubuhi ya maziko, Abel alifungua dirisha akakuta lango lake limepakwa rangi ya njano kutoka juu hadi chini. Haikuwa rangi ya dukani. Ilikuwa ile ya kwetu, ya njano inayoelekea kijani, inayopakwa ndani ya mabawa ili bati lisioze. Ndege inapanda kwenye baridi ya kuua na kushuka kwenye joto, na rangi ile haibanduki. Mafundi wetu walijivunia hilo. Gari la maiti lilikuja, likapita katikati ya lango lile, na jeneza la Denise ndani yake. Mimi nilikuwa nimesimama njiani. Sijawahi kuona aibu kwa niaba ya mji wangu kama siku ile.

Makaburini, Ramiro alikuja. Amevaa suti yake ya harusi, macho mekundu, akanyoosha mkono. Abel aliutazama ule mkono, akatia yake mifukoni. Ramiro akabaki vile, mkono umenyooka mbele ya mji mzima, mpaka Remedios alipokuja kumshika bega na kumwondoa. Sote tulidhani tunajua kisa: mgomo. Hatukuona alichokiona Abel. Kwenye kucha za Ramiro, na kwenye kingo za mikono ya shati lake jeupe, kulikuwa na njano.

Mgomo ukaisha, watu wakarudi kazini. Nyapara, mtu wa heshima aliyependa amani, akawatenganisha wale wawili. Abel akapewa kijana wa ndani, Ramiro akapewa mpigaji mwingine. Wiki hazikupita nyingi mabawa yakaanza kurudishwa na wakaguzi, ribiti zimepinda, mashimo yametanuka. Nyapara akawaita ofisini, akasema maneno ambayo kantini nzima ilikuja kuyarudia: "Mchukiane mtakavyo, lakini mchukiane kwenye bawa moja."

Wakarudishwa pamoja. Na wakapiga ribiti miaka kumi na minane, mmoja nje na mmoja ndani, bila neno. Ukweli ni kwamba hawakulihitaji. Mara moja nzuri, mara mbili ongeza, mara tatu itoe. Watu waliwaita mabubu. Wageni walioletwa kutembelea kiwanda walioneshwa kazi yao kama mfano. Wako waliosema kwamba wale wanaongea kwa kugonga, kwamba kuna mapenzi mle. Upuuzi mtupu. Kugonga mara moja ni ribiti nzuri, si salamu. Mimi niliwaona saa ya chakula, meza mbili tofauti, migongo imetazamana, na Ramiro aliyekuwa mwingi wa maneno akawa mtu wa kuomba chumvi tu. Iliniuma, na nilimwambia Abel mara nyingi wapatane, naye kila mara alinijibu, "Wewe hujui."

Kweli sikujua. Kuhusu zile kucha hakumwambia mtu yeyote.

Lango alilikwangua, akalipaka kahawia. Baada ya miaka miwili mitatu, njano ikachungulia pembeni. Akapaka tena. Ikachungulia tena.

Baadaye zikaletwa mashine. Mkono mmoja wa chuma unatoboa, unatia, unabonyeza, na hauhitaji mtu wa ndani. Wakastaafishwa wote kwa mpigo, kukawa na mvinyo na hotuba, na meneja kijana akawaita "kumbukumbu hai ya kiwanda chetu". Abel akarudi kwenye bustani yake. Ramiro akarudi kwake, karibu na tangi la maji, upande wa pili wa mji. Wakati huo mji ulikuwa umejaa wahandisi kutoka kila pembe, nyumba zimepanda bei, na asubuhi unapanga foleni ya mkate nyuma ya watu watano usiowajua. Ndege mpya ikiruka kwa mara ya kwanza bado tunatoka wote kuitazama kwenye uzio, lakini siku hizi sisi wazee ndio tunaolia.

Kilichomvunja Abel kilitokea kwenye baa, nami nikiwapo, siku ya mechi. Timu yetu ilikuwa inafungwa, kwa hiyo watu walikuwa wanazungumza mambo mengine. Gaston Pradines, aliyekuwa dereva wa kreni, mtu asiyejua kunyamaza hata kanisani, akamwinamia Abel.

"Abel! Nimepita kwako leo. Lango lako bado lina njano pembeni, bwana! Ile rangi yetu ile, acha kabisa. Kazi ya mkono huu."

Siku hiyo Abel alikuwa amevaa mashine yake ya kusikia. Nimetamani mara nyingi angekuwa ameisahau nyumbani.

"Mkono upi?"

"Huu hapa. Kwani hukujua? Jamani, hakuna aliyemwambia? Tulikuwa vijana, mgomo umetupanda kichwani. Haki ya Mungu sikujua kama mnazika siku ileile. Ramiro ndiye alinikuta alfajiri. Alinitukana Kihispania mpaka mbwa wakaamka! Halafu akapiga magoti pale na petroli, akawa anasugua kwa shati lake mwenyewe. Wapi! Ingetoka ile?"

Abel akaweka glasi mezani taratibu, akatoka. Koti lake likabaki kwenye kiti. Nilimfuata nalo. Nje upepo wa Autan ulikuwa unavuma, ule unaowatia watu wetu wazimu, na nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya benki.

"Nilidhani ni yeye," akasema.

"Nani?"

"Ramiro. Nilimwona na njano mikononi. Makaburini, Josette. Nilijua ni yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa miaka ile yote niliyowagawia chakula migongo imetazamana. Nilitaka kumpiga kwa lile koti. Nilitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa sikuweza kufanya yote mawili nilikaa kando yake.

"Hukumuuliza hata siku moja?"

"Nilikuwa na hakika."

"Basi kesho nenda ukamwombe radhi."

Hakwenda kesho yake. Majira ya baridi yote alijipanga, akiyatafuta maneno kwa sauti bustanini, nami nikimsikia ukutani. Akawa hali vizuri. Nikampelekea supu, akairudisha. "Siwezi kufa na hili tumboni," aliniambia, na nikaona kuwa hasemi hovyo. Mwisho nikamwambia avae suti, nikamtia kwenye gari langu, nikampeleka hadi tangi la maji.

Remedios ndiye aliyefungua. Alimtazama Abel, akasogea kando bila kusema karibu. Ramiro alikuwa uani, kwenye kiti, blanketi magotini. Alipomwona nani anaingia, uso wake ulifunguka kabisa, sijui nisemeje, akawa tena yule kijana wa kantini.

"Abel! Ee, Abel! Reme, njoo umwone! Lete viti!"

Abel hakukaa. Akaanza papo hapo, kwa sauti ya chini, maneno yake aliyoyapanga baridi nzima. Ramiro akatikisa kichwa na kuonesha sikio.

"Sema juu, mzee wangu. Hapa pamekufa."

Abel akapaza sauti. Ramiro akatikisa tena. Abel akapiga kelele. Jamani, mtu yule ambaye hakuwahi kusema neno la moyoni mbele ya watu, alipiga kelele uani kwa watu mpaka madirisha ya mtaa yakafunguka: "NILIDHANI NI WEWE! LANGO! NILIDHANI NI WEWE ULIYEPAKA! NISAMEHE!" Na Ramiro akawa anamtazama midomo kwa bidii, anatabasamu, hapati kitu. Mashine za masikio zilikuwa kwenye droo, zilishaacha kumsaidia. Alichoweza kusoma ni midomo ya mkewe tu, aliyoizoea maisha yake yote.

"Reme," akasema, "anasema nini?"

Remedios alikuwa ameganda na viti mikononi. Aliviweka chini. Kisha akampa mumewe mgongo, ili asimwone midomo, akamwambia Abel polepole:

"Nimekusikia. Mtaa mzima umekusikia. Simwambii."

"Remedios, nakuomba."

"Alidhani ulimkasirikia kwa sababu ya mgomo. Hilo analielewa, mgomo ni mgomo. Miaka yote hii hakujua kwamba ulimwona mtu wa kumpakia Denise rangi siku ya jeneza lake. Denise! Aliyekuwa anamwita dada. Unataka nimwambie leo? Mtu mgonjwa, moyo wake huu? Wewe utalala vizuri, Abel. Yeye je?"

Nilimtazama Abel, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na la kumkosoa. Remedios alisema haki, nami nilimchukia kwa haki yake.

"Anasema nini?" Ramiro akauliza tena.

Remedios akageuka. "Anauliza hali yako."

Ramiro akacheka. Kisha kicheko kikamwisha, akamshika Abel mkono, akamvuta mpaka akakaa. Na kwa kuwa kiziwi hajui kunong'ona, alilosema alilisema kwa sauti ileile kubwa, madirisha ya mtaa yakiwa bado wazi.

"Najua ulichojia. Ngoja nianze mimi, maana nimekisubiri sana. Siku ile mlangoni kazini nilikupa mgongo. Sikujua Denise amefikia wapi. Ningekuuliza, lakini nilikuwa na bango, nilikuwa mtu mkubwa. Kosa ni langu, Abel. Ulikuwa na haki ya kuninyima mkono. Kila asubuhi nilipoingia ndani ya bawa nilisema leo nitamwambia, halafu kelele zikaanza. Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuwa mjinga."

Remedios alijifunika uso kwa aproni. Mimi nilitazama ukuta. Abel alikuwa na machozi mpaka kwenye kola, na Ramiro akimtazama, akimsubiri, amemshika mkono kwa mikono miwili. Hakukuwa na neno ambalo lingemfikia. Kulikuwa na ndiyo au hapana tu, ya kichwa.

Abel akatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Asante, Abel," Ramiro akasema, akambusu mikono.

Aliendelea kwenda kila Alhamisi, wakicheza karata, mpaka Ramiro alipofariki majira ya kupanda. Hakumwambia, na Remedios hakumwambia. Lakini siku ile ya kwanza, nilipomrudisha Abel kwake, alikaa ndani ya gari bila kufungua mlango. Nilizima injini.

"Nimemsamehe," akasema. "Naye amenishukuru, Josette. Umeona? Amenishukuru."